Jibu: Usafiri wa bei nafuu Jakarta bila teksi

Dada, umeuliza kama mwanafunzi mwenye hela ya kubana anaweza kuzunguka Jakarta, Indonesia, bila teksi. Anaweza kabisa, mimi nimeishi hivyo.

Anza na mabasi ya TransJakarta: nauli ni rupia 3,500, na njia kuu zina barabara yao wenyewe kama mwendokasi wa Dar. Hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo nunua kadi mapema na uitie salio. Treni ya mjini nayo ni rahisi mno. Kutoka stesheni ya Jakarta Kota hadi Bogor, mji ulio kusini mwa Jakarta, ni rupia 6,000 hivi. Behewa la kwanza na la mwisho ni ya wanawake tu. Asubuhi watu hubanana kwelikweli, kwa hiyo panda mabehewa hayo.

Ila utakayoipenda ni angkot, vile vigari vidogo vya Bogor. Hakuna konda. Mnakaa mkitazamana kwenye mabenchi mawili, magoti yakigusana, mlango wazi. Ukifika unapaza sauti: "Kiri, Bang!" Yaani simama kushoto, kaka. Unashuka, unazunguka hadi dirisha la mbele, unampa dereva nauli. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa haya, nikapitilizwa mbali. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga ndiye aliyempazia dereva sauti kwa niaba yangu.

Muulize abiria wa jirani nauli kabla hujashuka, na beba noti ndogondogo. Tena usipande ukiwa na haraka, maana dereva husubiri gari lijae, sawa na daladala zetu.