Kabla hujahesabu marejeleo yako

Nilipokuwa mwaka wa pili wa uzamivu, kila asubuhi nilifungua Google Scholar, tovuti inayohesabu mara ambazo makala zako zimetajwa na watafiti wengine, hata kabla ya kwenda kuwatazama panya wangu. Namba ya marejeleo ikipanda, siku nzima nina furaha. Isipopanda, nafanya kazi kwa unyonge. Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye utafiti wa ubongo, maana najua mtashawishika kuishi hivyo.

Kilichonitoa huko ni jambo dogo. Nilizifungua makala zote 31 zilizokuwa zimerejelea makala yangu ya kwanza, nikatafuta kila sentensi iliyonitaja. Nyingi zilinibandika kwenye mabano pamoja na wengine watano, mwishoni mwa sentensi ya kwamba hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, inahusika na kumbukumbu, jambo lililojulikana kabla sijazaliwa. Mbili zilidai nimethibitisha kitu ambacho sikukipima kabisa. Nne tu ndizo zilizoitumia kazi yenyewe: walichukua namna nilivyopanga elektrodi, yaani vifaa vya kunasa umeme wa seli za ubongo, na kundi moja likaeleza kwa nini matokeo yao hayakufanana na yangu. Hilo kundi niliwaandikia siku hiyohiyo, na majibu yao yakabadilisha jaribio langu lililofuata. Fanya zoezi hili walau mara moja kwa mwaka. Linachosha, lakini ndipo utakapojua kazi yako inafanya nini huko nje.

Kipimo cha h utakutana nacho kwenye kila ombi la kazi. Kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12, na huna 13 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 13, h yako ni 12. Hakioni kama ulikuwa mwandishi wa kwanza au wa ishirini. Wala hakijui kwamba kurekodi seli mojamoja za mnyama aliye macho kunaweza kula miaka minne kwa makala moja, wakati mwenzako aliye kwenye mradi mkubwa wa picha za ubongo anatokea kwenye makala tano. Usijipime kwake.

Na wingi wa marejeleo hauthibitishi ukweli. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, iliyohusisha aina fulani ya protini ya amiloidi na upotevu wa kumbukumbu kwa panya, ilirejelewa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2024 ilifutwa rasmi kwa sababu picha zake zilikuwa zimechezewa. Kwa upande mwingine, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walitangaza seli za mahali, yaani seli za ubongo zinazofanya kazi mnyama anapokuwa mahali fulani, mwaka 1971 kwa makala fupi ya kurasa chache tu. O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Sasa mambo ya mikono. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe, kisha jisajili ORCID, upate namba ya kudumu ya kukutambulisha kama mtafiti, kabla ya makala ya kwanza. Mimi nilichelewa, na kazi zangu mbili zilikaa miaka kwenye wasifu wa mtu mwingine. Weka data na msimbo wako wa kompyuta mahali pa wazi, vikiwa na maelezo ambayo mgeni anaweza kuyafuata bila kukuuliza. Mpe mwenzako wa maabara ajaribu kwanza. Akikwama hatua ya tatu, na wasomaji wako watakwama hapohapo.