Nilivyoichukia ...And Justice for All miaka miwili kabla ya kuipenda

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ile albamu ya Metallica uliyoisifia nimeisikiliza mara mbili. Kelele tupu, na nyimbo zenyewe haziishi." Sikukasirika. Maneno kama hayo niliwahi kuyasema mimi, tena mbele za watu, na mpaka leo yananiuma.

Albamu hiyo, ...And Justice for All ya Metallica, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, ilitoka Agosti 1988. Nyimbo tisa, dakika 65. Nilikuwa nimetoka kwenye Master of Puppets ya 1986, iliyoninasa siku ya kwanza, nikategemea mdogo wake ataninasa vilevile. Wapi! Sauti ilikuwa kavu kama kuni. Dramu za Lars Ulrich zinagonga kama mtu anayepigilia misumari ubaoni, magitaa yanakwaruza, besi siisikii. Nikadhani hedifoni zimekufa. Nikaazima nyingine, mambo yakawa yale yale.

Rafiki aliyenipa albamu akaniuliza nimeionaje. Nikamjibu kwamba hawa jamaa wanajionyesha tu kuwa wanajua kupiga. Akanitazama, akasema, "Wewe unapenda viitikio. Muziki bado." Wenzetu waliokuwapo wakacheka. Neno lile lilinikaa kooni. Kwa muda mrefu, kila nilipoirudia albamu nilikuwa natafuta ushahidi wa kumshinda.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Usiku mmoja, taa zimezimwa, niliuacha wimbo wa "One" uende mpaka mwisho. Unaanza kwa upole, gitaa safi, askari aliyejeruhiwa vitani, hana viungo, haoni, hasikii, hawezi kusema, lakini akili iko macho. Kisha dramu zinaanza kumiminika kama bunduki ya rashasha, na magitaa yanazifuata pigo kwa pigo. Nilikaa kitandani wima. Wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy mwaka 1990, ila mimi ndiyo kwanza nilikuwa nausikia.

Baada ya hapo nikauendea "To Live Is to Die", ule niliokuwa nauruka kila mara. Karibu dakika kumi bila kuimba, maneno machache tu yanasemwa karibu na mwisho. Ndani yake mna vipande vya muziki alivyoviacha Cliff Burton, mpiga besi wao aliyefariki Septemba 1986 basi la bendi lilipopata ajali huko Sweden. Nafasi yake aliichukua Jason Newsted, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza nzima na Metallica. Alishiriki hata kuutunga "Blackened", wimbo wa kufungulia, lakini besi yake imefukiwa kiasi kwamba unaitafuta kwa tochi. Mashabiki wengi hawajalisamehe jambo hilo, na mimi namhurumia Newsted. Lakini nilipojua habari ya Burton, utupu niliouita kasoro ukabadilika masikioni mwangu. Hata kama hawakukusudia, mimi nasikia pengo la mtu.

Sasa ushauri kwa msomaji wangu. Isikilize tena. Chukua wimbo mmoja kwa siku, usiku, simu iwe mbali, usiguse kitu mpaka uishe. Wimbo unaobeba jina la albamu unakaribia dakika kumi na unageuka njiani mara nyingi; usipoupa nafasi utaona marudio tu. Kesho yake usikilize tena huo huo. Usiulize watu wanaionaje. Tumezoea kuuhukumu wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa, halafu tunalalamika kwamba muziki hautugusi. Utatugusaje nasi tumeshaondoka? Kaa nao. Ukichoka, pumzika, kisha uisikilize tena.

Wewe uliyeniandikia, anza na "One", na "Dyers Eve" uiache ya mwisho kama walivyoipanga wenyewe. Ile kasi ina maana zaidi ukiifikia umechoka.

Yule rafiki nilimpigia simu hivi karibuni, nikamwambia alikuwa sahihi. Hakukumbuka kabisa kama aliwahi kunisema. Mimi nimeyabeba maneno yale miaka yote hii! Aliniuliza jambo moja tu: ni wimbo gani ulionifungulia mlango. Nilipomtajia, akanyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye ulikuwa huo huo.