Macho makavu ya muda mrefu: tiba ipi ya kliniki inafaa, na kwa nani?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 48 na kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo nakaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa miaka mitatu sasa macho yananichoma kana kwamba yana mchanga, jioni naona ukungu unaoondoka nikipepesa, na cha ajabu ni kwamba nikitoka nje penye upepo yanatiririka machozi. Natia machozi ya bandia mara sita kwa siku, na kila nikitia napata nafuu ya dakika chache tu. Kliniki moja imenishauri nipashwe kope joto kwa mashine. Nyingine imesema niwekewe vizibo kwenye vitundu vya machozi. Na rafiki yangu aliye ng'ambo ametibiwa kwa mwanga, anasema amepata nafuu kubwa. Mimi ni mweusi wa ngozi. Ipi kati ya tiba hizi inanifaa, je, inauma, na nafuu yake hudumu kwa muda gani?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda kliniki zote mbili zimesema kweli na huenda zote mbili zimekosea, kwa kuwa katika maelezo yako sijaona mahali ulipoambiwa ni kitu gani kilichopungua katika machozi yako. Kupasha kope joto ni tiba ya upungufu wa mafuta, ilhali kuziba vitundu ni tiba ya upungufu wa maji, na anayependekeza mojawapo kabla ya kuzichunguza kope zako anabahatisha kwa fedha zako.

Machozi si maji matupu. Juu ya jicho hutandaa utando mwembamba mno, ambao chini yake una ute unaoyafanya machozi yashikamane na konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha maji yanayotoka kwenye tezi ya machozi, na juu kabisa tabaka la mafuta linalozuia maji hayo yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi za meibomi, zilizopewa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Zimejipanga ndani ya kope kama meno ya kitana, kati ya 25 na 40 katika kope ya juu na kati ya 20 na 30 katika kope ya chini, na vinywa vyake hufunguka ukingoni, nyuma kidogo ya nywele za kope. Tezi hizo zikiziba, maji yanaweza kuwapo ya kutosha lakini hayakai: hukauka kabla hujapepesa tena, konea hubaki wazi, neva zake husisimka, na tezi ya machozi hujibu kwa kumwaga maji kwa wingi. Ndiyo maana macho yako yanatiririka kwenye upepo ingawa umeambiwa ni makavu. Dalili hiyo, pamoja na ukungu wa jioni unaoondoka ukipepesa, inanifanya nishuku mafuta kwanza, na kwa kweli wagonjwa wengi wa macho makavu wana tatizo hilo, ama peke yake ama likiwa limechanganyika na upungufu wa maji.

Vipimo vya kuthibitisha jambo hili havina maumivu makubwa, na vingi havihitaji mtambo wa gharama. Karatasi ya Schirmer, iliyoanza kutumika mwaka 1903 na bado ipo kliniki hadi leo, huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Ikilowa milimita 5 au pungufu, maji yamepungua kweli. Rangi ya fluoresini hutiwa jichoni, daktari akahesabu sekunde zinazopita kabla utando haujapasuka, na chini ya sekunde 10 ni dalili ya machozi yasiyotulia. Kipimo ninachokithamini kuliko vyote, hata hivyo, ni cha kubonyeza ukingo wa kope huku daktari akitazama kwa darubini ya macho. Tezi yenye afya hutoa tone la mafuta maangavu mithili ya mafuta ya kupikia. Tezi inayougua hutoa kitu kizito cheupe kama dawa ya meno iliyokaribia kukauka. Na tezi iliyokwisha haitoi chochote. Pale penye kamera ya miale ya infraredi, tezi zenyewe hupigwa picha, na mgonjwa huoneshwa zilizobaki na zilizopotea. Omba kuiona picha hiyo kabla hujakubali tiba ya joto, kwa sababu joto hufungua tezi iliyoziba lakini halifufui tezi iliyokufa.

Tukija sasa kwenye mashine ya joto, hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mafuta ya tezi yenye afya huyeyuka karibu na joto la mwili, ila yale ya tezi inayougua huhitaji digrii kadhaa zaidi, na kitambaa cha moto unachoweka nyumbani hupoteza joto jingi kwenye ngozi kabla halijafika ndani ya kope kwenye tezi. Mtambo wa LipiFlow, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2011, huukwepa ukuta huo kwa kupasha joto kutokea upande wa ndani. Jicho hutiwa ganzi ya matone, kifuniko laini huwekwa chini ya kope kikiikinga konea, sehemu ya ndani hupashwa hadi nyuzi 42.5 za Selsiasi, na wakati huohuo kijifuko kilicho upande wa nje huikandakanda kope kwa mapigo, ili mafuta yaliyoyeyuka yasukumwe nje. Shughuli nzima huchukua dakika 12. Wengi huhisi mgandamizo na joto, si maumivu, ingawa macho yanaweza kuwa mekundu na ukaona ukungu kwa saa chache. Mitambo mingine, kama TearCare, huipasha kope kutokea nje kwa vibandiko kwa dakika 15 mgonjwa akiwa anapepesa kama kawaida, kisha daktari huyakamua mafuta kwa koleo maalumu. Hapo sikufichi: ukamuaji wa koleo unauma kidogo hata kukiwa na ganzi, lakini mkono wa daktari anayetazama kila tezi hufika mahali ambapo mashine hupita tu. Kwa sababu hiyo, mimi hujali zaidi kama tezi zimekamuliwa ipasavyo kuliko jina lililoandikwa kwenye mtambo.

Usitarajie kutoka kliniki ukiwa umepona siku hiyohiyo. Nafuu hujengeka kwa wiki kadhaa, na kwa wale inaowafaa hudumu kwa kawaida miezi 6 hadi 12, kisha dalili hurudi. Wapo pia wasiopata nafuu yoyote, hasa wenye tezi nyingi zilizokwisha kupotea.

Tiba ya mwanga aliyoipata rafiki yako ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa macho Rolando Toyos wa Marekani aligundua kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa mapigo ya mwanga mkali ili kupunguza wekundu wa ngozi ya uso walirudi wakisema macho yao nayo yamepata ahueni. Mwanga huo hufyonzwa na mishipa midogo ya damu iliyotanuka kandokando ya kope, mishipa ambayo hulisha uvimbe, na kuifunga hupunguza uvimbe unaozisumbua tezi. Hutolewa kwa awamu, kwa kawaida nne, zikipishana wiki mbili hadi nne, macho yakiwa yamefunikwa kwa ngao, na kila awamu humalizika kwa kukamua tezi. Mtambo wa kwanza kuidhinishwa Marekani mahususi kwa macho makavu ulipata kibali mwaka 2021. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliona ushahidi wake bado ni haba. Tafiti nyingine zimefuata, na nyingi zinaonesha manufaa, lakini mimi bado naiweka baada ya joto na ukamuaji.

Kwako wewe, hata hivyo, kuna kikwazo kikubwa zaidi ya ushahidi. Mwanga huo haufyonzwi na damu peke yake. Hufyonzwa pia na melanini, ile rangi asilia ya ngozi. Ngozi yenye melanini nyingi hulifyonza joto hilo juu juu kabla halijafika kwenye mishipa, na matokeo yanaweza kuwa kuungua, malengelenge, na mabaka meupe au meusi yanayodumu usoni. Kwa hiyo kibali cha mitambo hii huishia kwenye daraja la IV la kipimo cha Fitzpatrick chenye madaraja sita ya rangi ya ngozi, na mtu mweusi kwa kawaida huwa daraja la V au la VI. Mtu akikuambia kwamba atapunguza nguvu ya mwanga kidogo tu na hakutakuwa na neno, mshukuru kwa adabu na uondoke.

Vizibo ni vidude vidogo kuliko punje ya mchele ambavyo huwekwa kwenye vitundu viwili vya kila jicho, kimoja katika kope ya juu na kimoja katika ya chini karibu na pua, ambavyo machozi hupitia kuelekea puani. Kuviweka huchukua dakika chache tu na hakuumi sana. Ikiwa karatasi ya Schirmer itaonesha kwamba maji yako ni machache, hii ni tiba nzuri, na mimi hupenda kuanza na vya kolajeni vinavyoyeyuka vyenyewe baada ya siku chache, ili tuone kama jicho litafurahi au litafurika. Vikisaidia, vya silikoni hufuata, ambavyo hukaa hadi vitolewe au vichomoke vyenyewe, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko wagonjwa wanavyodhani. Kwa nadra kizibo huzama ndani ya mfereji na kuleta maambukizi. Hofu yangu katika hali kama yako ni nyingine. Jicho lenye uvimbe hutoa machozi yenye kemikali zinazochochea uvimbe huohuo, na ukiliziba mapema unazifungia ndani. Uvimbe utulizwe kwanza, kwa matone ya steroidi ya muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari, au kwa saiklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, ambayo huweza kuchukua hata miezi mitatu kabla hujaona tofauti.

Lipo jambo dogo ambalo kliniki nyingi hulisahau, nalo ni kusafisha ukingo wa kope. Daktari akiona magamba yaliyolivaa shina la unywele wa kope kama kola ya shati, huyo ni utitiri wa demodeksi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, na kukamua tezi bila kumwondoa ni kazi bure. Kliniki huusugua ukingo kwa sponji ndogo inayozunguka, kisha dawa ya kuua utitiri hufuata.

Tiba nyingine za kliniki, yaani matone yanayotengenezwa kwa seramu, yaani majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe, utando wa amnioni (wa kondo la nyuma) unaowekwa juu ya konea kwa siku kadhaa, na lenzi pana za sklera, zinazokaa juu ya weupe wa jicho na kushika maji mbele ya jicho, ni za konea iliyokwisha kuharibika. Maelezo yako hayanioneshi kwamba umefika huko.

Kabla ya yote hayo, tazama chupa unayotumia. Ikiwa imeandikwa benzalkoniamu, hiyo ni dawa ya kuzuia vijidudu, yaani kihifadhi, ambayo, kwa kutiwa mara sita kila siku, huukera uso wa jicho na kuuvuruga utando tunaotaka kuujenga. Anayehitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku anapaswa kutumia yasiyo na kihifadhi. Mwambie daktari pia dawa zote unazokunywa, kwa maana dawa za mzio na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo hukausha macho, kama yanavyofanya mabadiliko ya homoni ya umri wako. Kinywa kikikauka kiasi cha kushindwa kumeza chakula kikavu bila maji, au viungo vikikakamaa asubuhi, omba upimwe damu kwa ajili ya ugonjwa wa Sjögren, ambao hushambulia tezi za machozi na za mate pamoja. Na kwenye kompyuta, funga macho kabisa kope zikutane kila unapomaliza ukurasa, kwa sababu mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache, tena nusunusu, ilhali kupepesa kamili ndiko kunakoyakamua mafuta.

Kwa hiyo, mimi ningeanza na vipimo, kisha usafi wa kope, joto na ukamuaji. Vizibo ningeviacha hadi maji yathibitike kupungua, na mwanga nisingeugusa kabisa. Siku ya kwenda kupimwa usipake wanja wala vipodozi vya macho, na usitie tone lolote kwa saa mbili kabla ya miadi, la sivyo daktari atapima dawa yako badala ya machozi yako. Lakini jicho likianza kuuma sana, likashindwa kuvumilia mwanga au uoni ukapungua ghafla, usisubiri miadi. Nenda ukaonwe siku hiyohiyo, kwa kuwa hicho kinaweza kuwa kidonda cha konea.