Kwa nini tusipige hesabu ya plazma yote kwa mpigo?

Swali: "Shikamoo dada. Nipo mwaka wa tatu fizikia, Dodoma. Kama milinganyo ya plazma inajulikana na superkompyuta zipo, kwa nini msifanye simulesheni ya mtambo mzima wa fyusheni mkajua kila kitu kabla haujawashwa? Na mwenye laptop tu aanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Milinganyo ya plazma (gesi ya moto sana ambayo elektroni zimeachana na viini vya atomi) tunayo kweli, kinachotushinda ni muda. Chukua ITER, mtambo wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati) unaojengwa Cadarache, Ufaransa, uga sumaku wake ni tesla 5.3, na kwa nguvu hiyo elektroni inazunguka mstari wa sumaku karibu mara bilioni 150 kwa sekunde, tena kwenye kaduara kasikofika hata milimita 0.1. Sasa sisi tunataka kujua joto linakaa ndani muda gani kabla halijavuja, na hapo tunaongelea sekunde kama 3 hivi. Piga mwenyewe, hatua 20 kwa kila mzunguko kwa sekunde 3, ni hatua trilioni 9, na kila hatua unasogeza chembe zote za plazma yenye mita za ujazo zaidi ya 800. Hakuna mashine inayoweza.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuamua nini uache. Msukosuko unaovujisha joto unaenda taratibu mno ukilinganisha na ule mzunguko, basi hatuifuati chembe ikizunguka, tunaichukua kama pete inayoteleza, na hapo vipimo vinashuka kutoka 6 (3 vya mahali, 3 vya mwendo) hadi 5, hatua za muda nazo zinakuwa kubwa. Kwangu mimi hilo ndo wazo zuri kuliko yote kwenye fani hii. Ila ukingoni mwa plazma mambo yanabadilika ndani ya sentimita chache tu na wazo lenyewe linaanza kulegea, na ukingo huohuo ndio ulioleta H-mode, ile hali ya joto kukaa vizuri iliyoonekana kwenye mtambo wa ASDEX, Garching, Ujerumani, 1982. Majaribio ndo yaliionyesha kwanza.

Halafu usiamini jibu kwa sababu linapendeza. Niliwahi kupata mvujo mdogo sana wa joto kwenye simulesheni, nikafurahi wiki nzima, nilivyoongeza pointi za gridi (vituo tunavyogawia nafasi ili kupiga hesabu) mara mbili mvujo ukapanda juu. Pointi zilikuwa chache mno.

Laptop inatosha kuanza. Andika kwa Python plazma ya kipimo kimoja, chembe kwenye gridi, usome Landau damping, yaani wimbi la plazma kufifia bila chembe kugongana. Weka k (namba ya wimbi) mara urefu wa Debye (umbali ambao chaji moja inahisika kabla haijafunikwa na nyingine) iwe 0.5, wimbi lazima lififie kwa 0.153 ya masafa ya plazma (kasi ya mtikisiko wa asili wa elektroni zake), usipoipata hiyo namba usiende mbele. Weka chembe nyingi, zikiwa chache kelele itafunika wimbi lote. Ukimaliza nitumie grafu, mhimili wa wima uwe wa logi, nione vilele vya wimbi vikishuka kwenye mstari ulionyooka.