Mkataba wa dola milioni 100 NFL, mbona hazilipwi zote?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mchezaji wa NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani (American football), anasaini dola milioni 100 halafu anaachwa mwaka wa pili bila kulipwa zote. Ile namba ya kwenye vichwa vya habari isikuzubaishe, tafuta kiasi kilichodhaminiwa. Mshahara usio na dhamana unafutika siku timu inapomtema, tofauti na soka la Ulaya ambako klabu ikikuchoka lazima imalizane na wewe.

Pesa ya uhakika zaidi ni ile ya kusaini, na hapo ndipo timu zinapocheza na hesabu. Kila timu ina ukomo wa mishahara, yaani kiasi cha juu inachoruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake wote kwa msimu. Msimu wa 2024 ulikuwa dola milioni 255.4. Tuseme mtu kapewa milioni 25 za kusaini kwa miaka mitano. Yeye anazipokea mapema, ila kwenye ukomo zinahesabiwa milioni 5 kila mwaka. Akitemwa baada ya miaka miwili, zile 15 zilizobaki zinaendelea kuibana timu wakati mwenyewe hayupo.

Mchezaji Deshaun Watson alipata dola milioni 230 zilizodhaminiwa zote pale timu ya Cleveland Browns mwaka 2022, jambo la nadra mno. Kwa mchezo unaovunja magoti namna ile, naona wengine wanaonewa.