Jibu: Kizunguzungu katika mchezo wa miwani ya uhalisia pepe

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa darasa la tano huko Mbagala walipata kizunguzungu walipovaa miwani ya uhalisia pepe (inayomwonyesha mtu ulimwengu wa kompyuta kana kwamba yumo ndani yake), na kama mchezo wako wa matumbawe ya kisiwa cha Mbudya uachwe. Tafadhali usiuache. Kizunguzungu hutokea macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi; kwa hiyo mtoto asisukumwe na programu kama abiria wa boti, bali akae kitini, bahari itulie, na samaki ndio wamfuate yeye. Mpe pia kazi ya mikono: ainue jiwe taratibu, amkute pweza, kisha amchagulie rangi itakayomficha asionekane na adui, kwani hapo ndipo mchezo wenyewe unapogeuka kuwa somo. Dakika 5 zinatosha, na wanaosubiri zamu wamwulize aliyevaa miwani anachokiona (sehemu hiyo mimi huipenda kuliko zote). Nakusihi uzingatie kwamba kampuni ya Meta imeweka umri wa chini wa miaka 10 kwa miwani yake ya Quest. Walio chini ya hapo watazame bahari hiyohiyo kwenye kishikwambi.