Kwa nini nyota changa haimezi gesi yake yote kwa mkupuo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba nyota changa huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi, nayo hukua kwa kula sahani hiyo. Kama mvutano wake una nguvu kiasi hicho, mbona haiimezi yote mara moja? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vitabu vya shule hulipita jambo hili mbiombio: "mvutano ukaivuta gesi", basi, wamemaliza. Kuvuta si kazi. Kazi ni kuipunguzia gesi mzunguko.

Funga jiwe kwenye uzi, ulizungushe huku uzi ukijiviringisha kidoleni. Kadiri uzi unavyofupika ndivyo jiwe linavyozunguka upesi. Gesi nayo ni vivyo hivyo: ikisogelea nyota mzunguko wake unazidi, na mzunguko huo ndio unaoizuia isianguke. Ili ishuke, lazima kitu kingine kiupokee. Sehemu husukumwa kuelekea ukingo wa nje wa sahani kwa msukosuko wa gesi yenyewe; sehemu huondoka na upepo unaovuma kutoka juu na chini ya sahani. Ndiyo maana nyota inayokula huwa pia inatema. Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Mimi niko upande wa upepo.

Hatua ya mwisho ndiyo tamu. Wengi hudhani sahani inaigusa nyota. Haigusi! Nyota changa ina sumaku kali, mara maelfu ya ile ya Dunia, na sumaku hiyo huikata sahani kabla haijaufikia uso wa nyota. Hapo gesi ya moto, ambayo tayari ina chaji za umeme, hunaswa na mistari ya sumaku, ikapanda nayo kama kwenye tao, kisha ikaporomoka karibu na ncha za nyota kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa sekunde. Inapogonga, joto hufika nyuzi milioni moja na zaidi, na eksirei hutoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wanafalaki waliunganisha darubini nne kubwa za Paranal, Chile, zikafanya kazi kama moja, wakaitazama nyota TW Hydrae iliyo karibu miaka ya nuru 200 kutoka kwetu. Gesi inayong'aa waliikuta ndani kabisa, karibu na nyota, pale pale nadharia ya sumaku iliposema itakuwa.

Kiasi? Kwa kawaida ni uzito wa Dunia moja kwa miaka 300 hivi. Lakini zipo zenye uroho. FU Orionis iliwaka ghafla mwaka 1936 na 1937, mwanga wake ukaongezeka zaidi ya mara mia, na mpaka leo haijarudi ilikokuwa. Inameza uzito wa Dunia kadhaa kila mwaka.

Sahani yenyewe huisha baada ya miaka milioni chache. Kinachosalia ni sayari.

Ukitaka kujua nyota hizi changa zinakokaa, Desemba saa tatu usiku tazama kaskazini mashariki, utafute Kilimia, kisha nyota nyekundu ya Aldebaran. Kati yao, karibu zaidi na Aldebaran, ndipo ilipo T Tauri, aliyoigundua John Russell Hind mwaka 1852, na kundi zima la nyota hizi changa likachukua jina lake. Kwa macho matupu hutaiona. Omba shule ikuazime darubini.